Baba Hataapa

Jumapili, 5 Januari 2025

Hili sijamwambia mtu. Leo nimesema "nyweni" na sikutaka.

Ninaandika haraka, bado nina harufu ya pombe ya mnazi mikononi. Wageni wameondoka. Walikuja kutoka Chara na kadzama, ule mtungi wa posa, umefungwa shingoni kwa makuti mabichi. Mzee Fondo mbele, wazee wenzake nyuma, halafu Uledi mwenyewe, mwana wa Fondo, ambaye nimemwona mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza aliniuliza, "Wewe huongei?" Mara ya pili akaniuliza tena.

Mnazi wa posa hauguswi mpaka msichana aulizwe. Akisema nyweni, amekubali. Akisema msinywe, wageni wanabeba mtungi wao na aibu yao wanarudi walikotoka. Tangu utotoni nimeiona desturi hii kuwa nzuri. Angalau sisi Wagiriama tunauliza! Sasa najua inavyokuwa. Unaulizwa mbele ya uwanja mzima, Baba ameshausogelea mtungi, shangazi wameshasafisha koo kwa ajili ya vigelegele. Hilo ni swali gani?

"Mitchelle, mwanangu," Baba akasema, "mnazi huu tuunywe, tusiunywe?"

Nilitaka kusema: ngojeni. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka wiki hii hii, ngojeni tu niyaone! Nikamwangalia kuku aliyekuwa akipita. Nikasema nyweni. Hata sauti sikuitambua.

Basi vigelegele. Na mimi ndiye niliyeshika kata, kwa sababu aliyesema nyweni ndiye humimina. Nikammiminia Baba. Nikammiminia tena. Baba alifurahi sana, akaimba, akamkumbatia Mzee Fondo, akasema bonde zima la Tana halina binti mwenye adabu kama wangu. Nikammiminia tena.

Ameondoka sasa hivi kuwapeleka wazee Minjila wakapate gari. Kachukua pikapu ya Huka, ile anayomwendeshea kubebea mbuzi. Mama alimwambia, "Baba Mitchelle, waitie bodaboda." Baba akacheka. Mkwe apandishwe bodaboda siku ya kadzama!

Kuna makelele nje. Christine anakimbia huku, kashika leso mkononi. Anasema pikapu—

Jumatatu, 6 Januari

Nina hasira mpaka mwandiko umebadilika.

Wazee, Baba alikuwa ameshawashusha. Alikuwa anarudi, peke yake. Akatoka barabarani pale akina mama wa Kiorma wanapouza maziwa. Wengine waliruka. Mmoja alikuwa amechuchumaa anamimina, hakuwahi. Anaitwa Darmi. Mguu umevunjika chini ya goti. Maziwa yake yalitapakaa lami yote, na ndani ya gari mnazi ulitapakaa, maana Mzee Fondo alikuwa amemwachia Baba kibuyu kimoja cha kwenda nacho nyumbani, kikapasukia kwenye usukani.

Polisi walipofika hawakuwa na ile mashine ya kupulizia. Walikuwa na pua. Baba alilala rumande, leo akaletwa kortini.

Sikuwahi kuingia kortini. Nilidhani kuna kelele kama kwenye televisheni. Kumbe ni chumba cha joto, feni moja, watu wanasubiri kama zahanati. Karani alisoma mashtaka kwa Kiswahili. La kwanza, kuendesha gari akiwa amelewa. La pili, kuendesha bila uangalifu na kumjeruhi mtu. Akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

Baba akasimama, shati lina damu kavu begani, akasema, "Ni kweli kidogo."

Watu wakacheka! Hakimu hakucheka. Ni mama mmoja mwembamba, miwani puani. Akasema hapa hakuna kidogo.

"Mheshimiwa, gari niliendesha. Hayo mengine mtu awaulize waliokuwepo."

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Christine akaninong'oneza kwamba ukijibu nusunusu, wao huandika umekana, ili kesi isikilizwe. Christine anajua mambo mengi kwa sababu anauza chai nje ya korti. Yeye ni mtoto wa mamangu mkubwa, na haogopi mtu.

Huka akasimama mdhamini. Huka ndiye mwenye pikapu, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa swala tano. Nje akamshika Baba mkono, akaongea polepole. Kwamba amemjua miaka mingi, na amesimama kwa sababu hiyo. Lakini Darmi ni mtu wa ukoo wake, na pombe kwake ni haramu. "Korti ikisema hukunywa, Gona, funguo ni zako. Ikisema ulikunywa, wallahi tusijuane."

Baba akaitikia kila neno. Naam, Huka. Naam, ndugu yangu.

Halafu tulipobaki sisi wa nyumbani akanigeukia, anatabasamu, kama anayetaka kuchangamsha watu: "Si wewe uliyesema tunywe? Tukanywa!"

Mama akamwambia anyamaze. Mimi nilitembea mpaka nyumbani Idsowe kwa miguu, peke yangu, juani. Kunywa nilisema. Nilisema endesha? Nilisema endesha, Baba?

Ijumaa, 10 Januari

Matokeo. Nimepata B.

Mama alinikumbatia kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na simu, anamtafuta wakili.

Jumatatu, 20 Januari

Kesi "imetajwa." Nilivaa sketi ya kanisani kwa ajili hiyo. Jina likaitwa, Baba akasimama, wakasoma tarehe nyingine, akakaa. Basi! Kutajwa ni kutajwa tu.

Jumamosi, 1 Februari

Wakili amekuja kutoka Malindi. Kijana, viatu vyake vimechongoka, alikuwa anaviangalia kila akikanyaga tope la kisimani. Amekalishwa kwenye kiti kizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nachambua mchicha, na nimesikia yote.

Anasema harufu si kipimo. Hakuna mashine, hakuna damu iliyopimwa, hakuna daktari aliyeandika lolote siku ile. Harufu inaweza kutoka kwenye nguo, na nguo zililowa kibuyu kilipopasuka. Kupepesuka kunaweza kutoka kwenye kichwa kilichogonga kioo. Macho mekundu ni vumbi. Huyo mama alitokea ghafla kwenye vumbi, dereva hakumwona.

Lo! Nilishika mchicha nikasahau kuuchambua. Kila kitu kilikuwa na jibu lake. Kama hukuwepo siku ile ungeamini. Mimi nilikuwepo na karibu niamini.

Mama akauliza kama Baba aende hospitali kumwona Darmi, maana ndiyo ubinadamu. Wakili akasema hapana, asithubutu! Kwenda kuomba radhi ni kukiri. Mama akasema yeye si mshtakiwa, ataenda na ndizi zake.

Wakili akauliza, "Siku ile nani alikuwa anamimina?"

Nikasikia kiti cha Baba kinalia. "Mitchelle. Lakini huyo haongei."

"Vizuri," wakili akasema. "Asiyeongea sana huaminika."

Jumamosi, 15 Februari

Mzee Fondo amekuja bila kuarifu. Mji mzima wa Garsen unasema utetezi ni kwamba Gona hakunywa. Yamefika mpaka Chara.

Hakukaa. Alisimama uani na bakora yake.

"Mkwe, nasikia mnazi wangu hukuunywa."

Baba: "Karibu kwanza, mzee. Maji?"

"Maji nimekunywa kwangu. Nauliza mnazi. Kama hukuunywa, basi hatujaposa. Na kama hatujaposa, mtungi wangu uko wapi? Uliwapa bata?"

Mama alicheka, akajifunika mdomo na leso. Baba hakucheka. Akamvuta Mzee Fondo kando, lakini ukuta wetu ni wa udongo na mimi nilikuwa upande wa pili. Akamwambia alikunywa, bila shaka alikunywa, akamaliza, kadzama imekamilika na binti ni wao. Hayo ya kortini ni maneno ya kortini. "Kortini nitasema nilionja. Nyumbani tunajua."

Mzee Fondo akasema, "Gona, mdomo mmoja haumezi na kutema."

Lakini akaondoka ameridhika. Baba akaingia ndani anapangusa jasho, akaniona, akajua nimesikia. Akaniuliza kama kuna chai.

Sikulala vizuri. Wazo lilinijia na linanitia haya. Korti ikiandika kwamba Baba hakunywa, mbele ya watu wote, kwa muhuri, basi Mzee Fondo hawezi kudai. Hakuna kadzama. Hakuna posa. Nitakuwa huru! Na Baba atakuwa na funguo zake. Kila mtu atapata kitu, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye mguu uliovunjika.

Nilikasirika zaidi kwa sababu nililipenda wazo hilo.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya mashahidi wa serikali. Wakili alitaka nije nizoee pale, halafu askari wa korti akanitoa nje: shahidi hasikilizi wenzake. Nikawekwa kwenye benchi la kibarazani. Pembeni yangu mama mmoja na magongo mawili.

Nilijua ni nani kabla hajasema. Nilikuwa na mandazi kwenye mfuko. Ni Ramadhani, midomo yake ilikuwa imekauka, nikausukuma mfuko chini ya benchi.

Akawa anaongea tu, hata kama hujibu. "Daktari natia chuma hapa ndani. Saa hii mimi kama gari. Mvua ikinyesha nashika kutu." Akacheka peke yake. "Wewe nangoja kesi gani?"

Nikausukuma mfuko mbali zaidi kwa kisigino.

"Kesi yangu mimi ni ya Gona. Sikia hii: wakili yake nasema mimi natokea ghafla. Mimi! Na mwili hii! Iko mtu kwa Garsen naweza sema Darmi natokea ghafla?"

Nilicheka. Mungu nisamehe, nilicheka, halafu machozi yakaja, nikasema, "Mimi ni mtoto wake. Mtoto wa Gona."

Nilidhani atanipiga gongo. Akalihamisha gongo lililokuwa kati yetu, akaliegemeza ukutani upande wa pili.

"Kaa vizuri basi, wewe naanguka."

Baadaye akasema, bila kuniangalia, kwamba Huka alikuja hospitali. Mama alikuja na ndizi, ndizi nzuri. Watu wa kanisa wasiomjua walikuja. "Gona hapana. Mimi sitaki yeye nafungwa. Yeye nafungwa, mguu yangu napona? Nataka yeye nakuja nasema, Darmi, nimekugonga, nilikuwa nimelewa. Basi mimi napata kitu ya kusamehe. Sasa nasamehe nini? Vumbi?"

Halafu jina lake likaitwa. Alikataa kushikwa mkono. Aliingia mwenyewe, tok, tok, tok.

Christine alikuwa ndani, akanisimulia wakati wa kurudi. Wakili alimbana yule polisi: ulipima? Hukupima. Wewe ni daktari? Si daktari. Ulinusa mdomo au ulinusa shati? Polisi akasema alinusa mtu mzima. Wakacheka. Kwa Darmi wakili alikuwa mpole kama mchumba. Mama, ulikuwa umeinama? Ndiyo. Ulikuwa unaangalia maziwa? Ndiyo. Basi hukuona gari lilikujaje? Darmi akasema, "Mimi sikuona gari. Gari ilikuwa na kazi ya kuona mimi."

Baba alikuwa anaangalia sakafu, Christine anasema. Sijui kama niamini. Nataka kuamini.

Jumatano, 26 Machi

Hakimu amesoma uamuzi: Baba ana kesi ya kujibu. Halafu akamweleza Baba haki zake, polepole, kwa Kiswahili kizuri. Anaweza kujitetea kwa kiapo, na mwendesha mashtaka atamhoji. Anaweza kutoa maelezo bila kiapo, na hapo hahojiwi na mtu. Au anyamaze kabisa. Na anaweza kuita mashahidi.

Wakili akasimama haraka kama aliyefyatuliwa. Mteja wake atatoa maelezo bila kiapo. Na ataita shahidi mmoja.

Mwendesha mashtaka, mwanamume mwenye sauti ya kuchoka, akauliza kama shahidi naye hataapa.

"Shahidi huapa, bila shaka," wakili akasema.

Ilinichukua mpaka daraja la Idsowe kuelewa. Nilisimama katikati ya daraja, lori likanipigia honi.

Baba hataapa! Baba atasimama pale, atasema alionja tu, alipangusa midomo tu kwa heshima ya wakwe, na hakuna atakayeruhusiwa kumuuliza swali. Hata moja! Biblia hataigusa. Biblia nitaishika mimi. Mimi ndiye nitakayeulizwa. Mimi, ambaye darasani nilikuwa nikijua jibu naandika kwenye kiganja ili nisiinue mkono.

Kama ni kweli, kwa nini yeye asiape? Na kama si kweli, kwa nini mimi?

Nilimuuliza. Ndiyo, nilimuuliza, leo hii, kwa sauti, anafunga mbuzi. Akasema ni ushauri wa wakili, sheria imeruhusu. Nikasema sheria imeruhusu, wewe je? Akaniambia nisimpandishie sauti. Mimi! Maisha yangu yote wananiambia nipandishe sauti!

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya kanisa wakili alikuja tena. Mvua imeanza, viatu amevivua mlangoni. Tulikaa mimi na yeye na Mama. Baba alitakiwa awe mbali.

"Mimi sikufundishi uongo," alianza. "Nakuuliza unachokumbuka. Baba alishika kata?"

"Ndiyo."

"Akaipeleka mdomoni?"

"Ndiyo."

"Wewe unaweza kuona ndani ya koo la mtu?"

"Hapana."

"Basi unajuaje kwamba alimeza?"

Mama akasonya, msonyo mrefu, mpaka wakili akageuka. Akaendelea. Wazee wakipewa kata si wengine humwaga kidogo chini kwa ajili ya wahenga? Ndiyo. Baba hakumwaga? Alimwaga, tone. Kumbuka vizuri. Tone, au zaidi ya tone? Kumbuka vizuri. Kila alipokuwa anasema kumbuka vizuri, nilikuwa nakumbuka kidogo zaidi kama anavyotaka. Inatisha. Mwisho nilikuwa naiona ile kata inamwagika yote mchangani, na kuku anakuja kunusa. Nilimwona kuku huyo! Akanisifu. Akasema nitakuwa shahidi mzuri.

Alipoondoka Mama aliosha kikombe chake mara mbili. Akasema, "Mwanangu, nilale Huka akiwa hatujui tena, au nilale na uongo, sijui kipi kitanda kigumu." Halafu akasema hataniambia la kufanya. Kila mtu amestaarabika ghafla. Hakuna anayeniambia la kufanya!

Alhamisi, 10 Aprili

Hakimu amekatisha. Niko katikati. Nitaeleza.

Baba alitoa maelezo yake asubuhi. Sikuyasikia, nilikuwa kwenye benchi. Yalikuwa mafupi. Alitoka haraka kuliko mtu anayenunua chumvi.

Nikaitwa. Korti imejaa. Huka nyuma kabisa na kofia yake magotini. Darmi mbele, mguu amenyoosha. Mzee Fondo na wazee wake wamekaa safu nzima, kama waliokuja harusini, na Uledi kavaa shati jipya. Baba kizimbani. Ameniangalia kama anavyonitazama nikipanda mnazi: usianguke.

Nikashika Biblia. Nikaapa kusema kweli, kweli yote. Hakimu akaniambia nisiogope, niangalie kwake, nisiangalie watu. Nilimpenda kwa hilo.

Wakili: jina, umri, unaishi wapi, siku ile kulikuwa na sherehe gani. Nilijibu. Nilishangaa jinsi ilivyo rahisi. Kisha akauliza, kwa tabasamu, kama anayemfungulia mtoto mlango: "Wewe ndiye uliyempa baba yako kata. Ieleze korti alifanya nini nayo."

Kuku alikuwepo. Mchanga ulikuwepo. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

Nikasema, "Alikunywa."

Feni tu ikasikika.

"Unamaanisha alionja," wakili akasema.

Mwendesha mashtaka akasimama, sauti haikuwa imechoka tena: Mheshimiwa, anamtilia shahidi maneno. Hakimu akakubali, akaniambia niseme nilichomaanisha.

"Alikunywa. Nikamwongeza, akanywa. Nikamwongeza."

Mzee Fondo akapiga kofi! Kofi moja la furaha, akasahau yuko wapi. "Mkaza mwana huyo! Amesema mwenyewe!" Wazee wake wakaguna kwa kuridhika, Uledi akainamisha kichwa anacheka. Askari akawafokea wanyamaze. Wanashangilia! Baba yangu anazama, na wao wananishangilia mimi, kwa sababu nimewathibitishia korti nzima kwamba mimi ni wao. Nilitaka kumtupia Biblia.

Huka alisimama, akavaa kofia, akatoka. Hakuangalia mtu.

Wakili akaomba muda azungumze na shahidi wake. Hakimu akamwangalia juu ya miwani. Akasema shahidi akiwa katikati ya ushahidi hazungumzwi na mtu. Akaomba basi kesi iahirishwe. Mvua ilikuwa inakuja na watu wana mito ya kuvuka. Hakimu akasogeza mpaka Jumatatu tarehe kumi na nne. Kisha akanigeukia mimi. Kwamba bado niko chini ya kiapo. Kwamba nisizungumze kuhusu ushahidi huu na mtu yeyote, si wakili, si mzazi, si rafiki. "Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

Nilipita mbele ya Darmi. Alivuta mguu wake nipite.

Ijumaa, 11 Aprili

Nyumba nzima inazunguka kunikwepa. Mama ananipa chakula, anasema "chumvi," anasema "maji," basi. Christine alikuja, akaanza, "Wee mtoto, ulivyo—" nikaweka mikono masikioni. Akacheka, akaniletea mahindi ya kuchoma badala yake. Uledi alituma ujumbe kwa simu ya Mama: pongezi. Nimeufuta. Hilo si kuhusu ushahidi, nimeufuta kwa raha zangu. Na kama wanadhani Jumatatu nikimaliza kuhojiwa nitakaa kitako nisubiri mahari, hawajanijua. Neno lililosemwa uani linaweza kukataliwa uani, hata kama mtungi umeshakauka. Nitawafuata Chara mwenyewe niwaambie.

Jioni, wakati Mama ameenda kisimani, Baba alikuja mlangoni kwangu. Sikusikia hatua. Nilisikia pumzi tu.

"Usinijibu," akasema. "Najua umekatazwa. Sikuja kukuambia useme nini."

Nikaacha kuandika. Nilikuwa na hasira, nilikuwa nimeziandaa kama mawe kwenye leso, tangu Januari. Nilingoja aanze ili nizitupe zote, kiapo au si kiapo.

Kisha akasema:

"Yule mama nilimwona. Nilimwona mbali kabisa, na vyombo vyake. Hakukuwa na vumbi. Nikajiambia, Gona, kanyaga breki. Mguu ukachelewa."

Hakuna aliyemuuliza! Hakimu hakumuuliza, wakili hakutaka kujua, mwendesha mashtaka hakuruhusiwa. Amekuja kuniambia mimi, mtu pekee ambaye hawezi kumjibu. Na sijui kama amenichagua kwa sababu hiyo, au kwa sababu mimi ni mwanawe. Nimekasirika kwa yote mawili.

Bado yuko nje. Ameketi kizingitini, naona kivuli chake chini ya mlango. Mvua inamlowesha na haondoki.

Jumatatu naingia tena. Niliapa kusema kweli yote. Hili alilosema ni sehemu ya kweli hiyo, au ni lake yeye na Darmi, alipeleke kwa miguu yake mwenyewe mpaka pale maziwa yanapouzwa? Hakimu alitaja wakili, mzazi na rafiki. Wewe ukurasa hakukutaja. Kwa hiyo nimekuwekea wewe, na wewe peke yako. Usimwambie mtu. Nikifungua mlango huu, au nisipoufungua, usimwambie mtu.